Kurekodi, kopasi au mabango: njia tatu za kutafiti Kiingereza ukiwa Tanga

Kila mwaka zikifika siku za kuandika mapendekezo ya utafiti, wanafunzi wawili watatu hunijia nyumbani Chumbageni na madaftari yao. Wengi ni walimu wenzangu waliorudi chuo kusomea shahada ya pili. Wengine ni vijana wa shahada ya kwanza waliokuja likizo kwao. Mada wanayo tayari: Kiingereza cha Tanzania, au cha Afrika Mashariki kwa jumla. Kinachowakwamisha ni njia. "Mwalimu, nirekodi watu, nitumie kopasi, au nipige picha mabango?"

Huwa sijibu siku hiyo hiyo. Nawauliza kwanza wanataka kujua nini, maana njia hizi tatu hazioni Kiingereza kimoja. Ya kwanza inaona Kiingereza cha mdomoni. Ya pili, kopasi, yaani mkusanyo wa matini unaotafutwa kwa kompyuta, inaona cha kwenye maandishi. Ya tatu inaona cha ukutani. Mtu wa Ngamiani anaweza kumaliza mwezi bila kutamka sentensi nzima ya Kiingereza, asiandike hata barua moja kwa lugha hiyo, lakini cha ukutani akakipita kila asubuhi akiwa juu ya baiskeli. Ukichagua njia, umeshachagua ni Kiingereza kipi utakachokiona, na kipi kitakupita.

Vigezo

Njia zote tatu nitaziweka kwenye mizani ile ile. Inajibu swali gani? Inakula muda na fedha kiasi gani? Inadai ruhusa na heshima ya namna gani kwa wenye data yao? Inakwama wapi? Na inamfaa nani? Swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine yote. Fedha huombwa na muda huongezwa, lakini data isiyojibu swali lako haina dawa. Nimeona mtu akirudi na saa ishirini za mazungumzo kumbe alitaka kujua msamiati wa magazeti.

Neno la kuwekana sawa kabla hatujaanza

Mapendekezo mengi ninayoletewa yanaanza na neno "makosa": makosa ya wanafunzi, makosa ya makarani, makosa ya waandishi. Kuchunguza makosa ya mwanafunzi ili umfundishe vizuri ni kazi halali kabisa, ila ni kazi nyingine. Mtafiti wa aina za Kiingereza huuliza: nani anasema hivi, wapi, mara ngapi, na wenzake wanamchukuliaje?

Ubishi huu, wa kosa au aina halali ya Kiingereza, una historia. Mwaka 1985 Braj Kachru, msomi mzaliwa wa Kashmir aliyefundisha Marekani, alikigawa Kiingereza cha dunia katika duara tatu: la ndani, kama Uingereza na Marekani, la nje, la nchi zilizotawaliwa ambako Kiingereza kilibaki katika shule, mahakama na ofisi, na la tatu, la nchi zinazojifunza kwa ajili ya mawasiliano na wageni. Mwaka 1990 Randolph Quirk wa London aliandika kutetea kipimo kimoja cha Kiingereza sanifu darasani, na mwaka uliofuata Kachru akamjibu kwamba Kiingereza cha duara la nje kina wenyewe na kina kanuni zake. Tanzania kwa kawaida huwekwa duara la nje, lakini Kiswahili kimeshika shule za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kimeshika bunge na masoko, hata wapo wanaoona tumesimama mlangoni kati ya duara la pili na la tatu. Mwanafunzi wa Tanga anaishi ndani ya ubishi huo. Mtu aliyesoma hadi chuo, anayeandika "equipments" kwenye ripoti yake pale Kiingereza sanifu kinaposema "equipment", na bosi wake akaandika hivyo hivyo, na mwenzao wa Mombasa naye vile vile, hajateleza kalamu. Hapo pana jambo la kuchunguzwa.

Njia ya kwanza: kurekodi watu

Inajibu swali gani. Matamshi, kwanza kabisa. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, na wataalamu walioeleza Kiingereza cha Afrika Mashariki wanakubaliana kwamba maneno kama "bad", "bud" na "bird" huelekea kukutana kwenye a yetu moja. Je, hukutana kabisa, au mzungumzaji huacha pengo dogo asilolisikia mwenyewe? Jibu huwezi kulipata kwa kusoma gazeti. Utarekodi, kisha utapima kwa Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink. Inakuonyesha fomanti za kila irabu, yaani masafa ya sauti yanayopata nguvu mdomoni: ya kwanza hupanda kadiri mdomo unavyofunguka, ya pili hupanda kadiri ulimi unavyosogea mbele. Ukizichora kwenye grafu, a tatu za mtu mmoja zinaweza kulala mahali pamoja, au zikaachana kwa namna ambayo sikio lako lilikuwa linaimeza.

Njia hii inajibu pia maswali ya nani anabadili usemi wake na kwa nini. Baba wa kazi hii ni William Labov. Mwezi Novemba 1962 aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York, Saks, Macy's na S. Klein, akawa anawauliza wahudumu mahali pa bidhaa ambayo alikwishajua ipo ghorofa ya nne. Walipojibu "fourth floor" alijifanya hakusikia, wakarudia kwa kukazia. Alichokuwa akisikiliza ni ile r. Kwa watu 264 aliowapata, Saks, duka la wenye nazo, asilimia 62 walitamka r angalau mara moja; S. Klein, duka la bei nafuu, asilimia 20. Maswali ya sekunde chache yakaonyesha kwamba matamshi hufuata tabaka la duka unalofanyia kazi.

Vijana wengi wakisoma hilo hutaka kulifanya Tanga kama lilivyo. Haiwezekani, na sababu yake ndiyo inayotufundisha. Simama Makorora sokoni umuulize mwenye duka kwa Kiingereza sukari iko wapi, uone atakavyokutazama. Hapa Kiingereza si lugha ya kununulia sukari. Kina makazi yake: darasa la sekondari, mapokezi ya hoteli za Raskazone, ofisi za mizigo, mikutano ya miradi, mpaka wa Horohoro ambako dereva wa Mombasa na karani wa Tanga wanakutana, na siku hizi kazi za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Mtafiti wa kurekodi akishachora ramani ya makazi hayo, nusu ya kazi ameimaliza.

Muda na fedha. Hapa ndipo watu hujidanganya. Kurekodi saa moja ni saa moja. Kuinukuu, yaani kuiandika neno kwa neno, kwangu mimi ilichukua saa nane za kazi, na pale walipozungumza watu watatu kwa pamoja ikapita hapo. ELAN, programu nyingine ya bure, husaidia kupanga sauti na maandishi kwa tabaka, lakini kidole kinachobonyeza ni chako. Vifaa si ghali kama zamani: simu janja nzuri na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi vinatosha kwa mazungumzo ya kawaida. Ukipima irabu, tafuta chumba chenye mazulia au mapazia, zima feni, na rekodi kwa faili la WAV, lisilobana sauti. Mlio wa feni na upepo wa baharini huingia kwenye fomanti kama chumvi kwenye chai.

Ruhusa na heshima. Barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka hadi halmashauri ya jiji, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkuu wa shule au meneja wa ofisi. Ipe wiki kadhaa. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sauti ya mtu inayotambulika ni jambo la kushikwa kwa mikono miwili: ridhaa iandikwe, ieleweke kwa Kiswahili, na mtu ajue faili litakaa wapi na litafutwa lini. Majina uyabadilishe siku ile ile unaponukuu, usingoje mwisho. Halafu kuna heshima isiyo ya karatasi. Tanga husemwa waja leo waondoka leo. Mtafiti wa mazungumzo akija kwa mwendo huo atapewa majibu ya mgeni. Mpe mzee shikamoo yake, kaa, uliza habari za nyumbani, unywe kahawa ukipewa. Siku ya kwanza usitoe kinasasauti kabisa.

Inapokwama. Labov mwenyewe alikiita kitendawili cha mtazamaji: tunataka kujua watu wanavyosema wasipotazamwa, na njia ya kujua ni kuwatazama. Mimi kitendawili hicho nilikutana nacho mezani kwa karani wa mapokezi. Nilipowasha kinasasauti alikaa wima, akawa anatamka neno moja moja kama msoma taarifa ya habari. Dakika arobaini. Nikazima, nikamshukuru, nikaanza kukunja waya. Simu ya mezani ikalia, mgeni wa ghorofani analalamikia maji. Karani akamjibu bila kuvuta pumzi, Kiingereza chepesi, "sawa" mbili katikati, "isn't it" mwishoni mwa sentensi isiyoihitaji, irabu zimelegea kama kamba iliyofunguliwa. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu asubuhi, na kinasasauti kilikuwa kimeshaingia mkobani.

Dawa yake ipo, ingawa haiponyi kabisa. Rudi mara ya pili na ya tatu. Waweke watu wawili wanaojuana wazungumze wao kwa wao. Waombe wakusimulie jambo lililowashika, siku ya ajali au siku ya harusi, maana anayesimulia kwa moyo husahau kifaa. Ila usirekodi kwa siri. Data ya namna hiyo haina pa kuipeleka, na aliyeibiwa sauti ni mtu uliyemsalimia asubuhi.

Inamfaa nani. Anayependa watu na kusikiliza, mwenye miezi sita au zaidi, aliye tayari kusema mambo ya uhakika kuhusu watu kumi na wawili badala ya mambo ya juu juu kuhusu taifa zima. Mwenyeji wa mji ana faida kubwa, lakini naye ajihadhari: anayekujua tangu utotoni anaweza kuona haya kabisa kuzungumza nawe kwa Kiingereza.

Njia ya pili: kopasi

Inajibu swali gani. Mara ngapi. Kopasi ni mkusanyo wa matini halisi uliopangwa ili kompyuta iutafute, na nguvu yake ni hesabu na ulinganisho. Kazi hii ina miaka mingi: Quirk alianzisha uchunguzi wake wa matumizi ya Kiingereza mwaka 1959, na miaka michache baadaye Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kikatoa kopasi ya kompyuta ya maneno milioni 1, matini 500 za maneno kama 2,000 kila moja, zote zilizochapishwa 1961. Wenzao wa Uingereza na Norway wakatengeneza ya Kiingereza cha Uingereza kwa mpango ule ule na mwaka ule ule, na hapo ndipo watu walipoweza kulinganisha Marekani na Uingereza bila kubahatisha.

Kwetu sisi zipo mbili za kuanzia. Ya kwanza imo katika mradi wa ICE, kopasi ya kimataifa ya Kiingereza, uliopendekezwa na Sidney Greenbaum mwaka 1988: kila nchi maneno milioni 1, matini 300 za kusemwa na 200 za kuandikwa. Sehemu ya Afrika Mashariki, yaani Kenya na Tanzania, iliongozwa na Josef Schmied akiwa Ujerumani, na matini zake ni za miaka ya 1990. Mpango haukuweza kufuatwa kama ulivyo. Mpango mama unadai maongezi ya faragha ya watu wa kawaida kwa Kiingereza, kitu kilichopo London, lakini kwetu maongezi ya faragha ni ya Kiswahili au lugha ya nyumbani. Ikabidi liwepo kundi la maneno yaliyosemwa yakafika kwa watafiti yakiwa yameshaandikwa. Kwa maoni yangu pengo lile ni matokeo ya utafiti kwa haki yake: linaonyesha Kiingereza kinaishia wapi kwetu.

Ya pili ni GloWbE ya Mark Davies, iliyotoka 2013: maneno bilioni 1.9 kutoka kurasa za intaneti za nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwamo. Sehemu ya Tanzania ina maneno milioni 35 hivi.

Hesabu yake ni rahisi, lakini wengi huiruka. Chukulia umekuta umbo fulani mara 40 katika kopasi ya maneno 800,000, na mara 90 katika kopasi ya maneno 3,000,000. Ukitazama 40 na 90 utasema ya pili imeshinda. Geuza iwe kwa kila maneno milioni: ya kwanza ni mara 50, ya pili ni mara 30. Mwanafunzi aliyesahau hatua hii alikuja kwangu na sura nzima ya tasnifu inayosema kinyume cha data yake mwenyewe.

Muda na fedha. Ya nafuu kuliko kurekodi. AntConc, programu ya kutafutia ndani ya kopasi, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, jambo la maana kwa anayehesabu bando. GloWbE hutafutwa mtandaoni kwa kujiandikisha, ikiwa na kikomo cha utafutaji kwa siku. Muda haupotelei kwenye kutafuta, hupotelea kwenye kusoma mistari inayoletwa na utafutaji. Tafuta "shamba" ndani ya matini za Kiingereza za Afrika Mashariki, utapata shamba la mkulima, na pia majina ya watu na ya mashirika. Yote yanahesabiwa na mashine, na mashine haijui kulima. Mistari mia tano ni siku mbili za macho, na siku hizo hazikwepeki.

Ruhusa na heshima. Hapa ni nyepesi: leseni ya kopasi na haki za waandishi. Ukijenga kopasi yako mwenyewe kwa magazeti au ripoti, uitumie kwa utafiti, usiisambaze. Ukichukua maandishi ya wanafunzi wako, umerudi kwenye ridhaa kama ya njia ya kwanza, tena zaidi, kwa kuwa wewe ndiye unayewapa maksi.

Inapokwama. Kopasi haikwambii nani ameandika. Ukurasa wa kampuni ya utalii ya Arusha unaweza kuwa umeandikwa na mgeni aliyekaa miezi mitatu, na kwenye hesabu ukawa Kiingereza cha Tanzania. Tena Mtanzania akitaka kutaniana au kulalamika mtandaoni hufanya hivyo kwa Kiswahili, hivyo sehemu yetu inaelemea mambo ya ofisi, biashara na habari. Lafudhi hakuna. Tanga hakuna pia; kuna Tanzania tu. Anayetaka kusema lolote kuhusu Tanga kwa njia hii atajikusanyia mwenyewe.

Inamfaa nani. Mwenye subira ya kukaa na skrini, asiyeogopa hesabu za darasa la saba, na mwenye swali la sarufi au msamiati linalovuka mipaka: Kenya na Tanzania, miaka ya 1990 na sasa. Inamfaa sana mwalimu anayefundisha vipindi thelathini kwa wiki na kubaki na usiku tu. Kopasi haikatai kuhojiwa saa tano usiku.

Njia ya tatu: mabango

Inajibu swali gani. Lugha ipi imepewa nafasi ipi mbele ya macho ya watu. Wasomi wa Kiswahili huiita mandharilugha. Jina la fani lilienea baada ya andiko la Rodrigue Landry na Richard Bourhis wa Kanada mwaka 1997. Baadaye Eliezer Ben-Rafael na wenzake, wakitafiti Israeli, wakatenganisha maandishi yanayoshuka kutoka serikalini na yanayopanda kutoka kwa wananchi. Peter Backhaus alihesabu mabango 11,834 karibu na vituo vya reli ya Yamanote, Tokyo. Na Jan Blommaert, Mbelgiji aliyeifahamu Tanzania kwa miaka mingi, alivieleza vibao vya Kiingereza vya Dar es Salaam kwa namna iliyonibadilisha: tahajia isiyolingana na ya kamusi isisomwe upesi kama ujinga, kwani kibao kinazungumza na wapita njia wa mtaa ule, na kwao Kiingereza kile kinatangaza heshima, usasa na biashara iliyosimama.

Twende Ngamiani, kwenye barabara zile za namba. Ubao wa kinyozi: juu, kwa herufi kubwa nyekundu zenye kivuli cheusi, "HAIR CUTTING SALOON". Chini yake, herufi ndogo, orodha ya huduma kwa Kiswahili: kunyoa, kupaka rangi, kuosha uso. Namba ya simu. Hatua tatu pembeni, kwenye ukuta ule ule, kwa brashi na haraka: "USIKOJOE HAPA". Nyumba inayofuata: "NYUMBA HII HAIUZWI". Endelea hadi mwisho wa barabara uone kama mpango huu unavunjika. Jina la biashara linaelekea Kiingereza. Kile ambacho lazima kieleweke na kutiiwa kinabaki Kiswahili. Sijawahi kuona nyumba ya Ngamiani ikikataa kuuzwa kwa Kiingereza. Mpangilio huo wa lugha mbili kwenye ukuta mmoja hauonekani kwenye kopasi, na hauwezi kusikika kwenye mahojiano.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, mtafute fundi anayeandika mabango. Mmoja alinieleza kwamba wateja huja na maneno kwenye karatasi, na akiona nafasi imebaki mwanzoni hupendekeza "New". Kwa hiyo mwandishi wa kibao ni wawili, na mtafiti aliyepiga picha tu angemjua mmoja.

Muda na fedha. Kuliko zote hii ndiyo ya haraka kwenye kukusanya: siku nne tano, simu yenye chaji, na miguu au baiskeli. Kazi inahamia kwenye kuainisha. Lazima uamue mapema bango ni nini. Duka lenye ubao mmoja, stika sita na karatasi mlangoni ni bango moja au nane? Backhaus alihesabu kila andiko lenye mipaka yake. Wengine huhesabu duka zima kuwa kitu kimoja. Chagua, uandike ulichochagua, usibadilike katikati.

Ruhusa na heshima. Maandishi yapo barabarani, lakini mwenye duka hapendi kuona mgeni anapiga picha mlango wake. Atadhani ni mtu wa kodi. Salamu na maneno mawili ya maelezo hutosha, na namba za simu uzifute kwenye picha utakazochapisha. Bandari, kituo cha polisi na kambi usiviguse. Barua ya utambulisho itembee nawe mfukoni.

Inapokwama. Picha haisemi nani amesoma kibao wala alikielewaje. Rangi za kampuni za simu na vinywaji zimefunika maduka mengi, na maneno yake yametungwa mbali; usiyahesabu kuwa ya mtaa. Tena ni data ya siku moja: rudi baada ya mwaka, nusu imepakwa upya.

Inamfaa nani. Mwenye muda mfupi, mwenye jicho, anayetafuta swali la sera au utambulisho badala ya la sauti au sarufi. Pia mtu mwenye haya ya kuhoji watu, ingawa nitamsukuma akazungumze na fundi mmoja angalau.

Uchague ipi, kwa hali yako

Una wiki sita na ni shahada ya kwanza: mabango ya barabara mbili, au kopasi kwa umbo moja la sarufi. Kurekodi kutakuacha na sauti isiyonukuliwa siku ya kukabidhi kazi.

Una mwaka mzima, unaishi mjini, na swali lako lina neno "matamshi" ndani yake: rekodi. Hakuna njia ya mkato. Anza na watu wanne wa kazi moja, usichanganye makarani, walimu na madereva katika mwezi wa kwanza.

Swali lako ni Kenya na Tanzania: kopasi ianze, ikuonyeshe maumbo mawili matatu yanayotofautiana, ndipo uende Horohoro ukayasikilize. Ukienda mpakani bila hayo utarekodi kila kitu na hutajua unasikiliza nini.

Uko Dodoma au nje ya nchi, na Tanga unaijua kwa simulizi za nyumbani: kopasi, na uandike "Tanzania" kwenye kichwa cha kazi, si "Tanga".

Wewe ni mwalimu na data iliyo karibu ni darasa lako: fikiri mara mbili. Mwanafunzi wako hawezi kukukatalia kwa uhuru. Badilishana na mwenzako wa shule nyingine, yeye achukue ya kwako nawe ya kwake, kwa ridhaa ya wazazi na uongozi.

Unataka kuchanganya mbili: sawa, ila moja iwe nyumba na nyingine iwe kibaraza. Mabango na mahojiano ya mafundi wawili yanakaa vizuri pamoja. Kopasi na kurekodi pia, kama msimamizi wako amekubali kwamba sura ya pili itakuwa fupi.

Na kama swali bado halijakaa, usilazimishe karatasi. Chukua wiki moja. Rekodi dakika kumi za rafiki aliyekubali, uzinukuu zote. Vuta mistari hamsini ya neno moja kutoka GloWbE, uisome mmoja mmoja. Piga picha mabango thelathini kuanzia stendi ya zamani kuelekea baharini, uyapange kwa lugha. Jumamosi jioni njoo na vyote vitatu, pamoja na orodha ya maswali yaliyokuja yenyewe ulipokuwa ukifanya kila kimoja. Tutaanzia kwenye orodha iliyo ndefu.